Dozi Ileile, Miili Tofauti: Hotuba Nzima kwa Mliokosa Kufika

Hii ni hotuba yote jinsi ilivyosemwa, nimeiweka kwa ajili yenu ambao hamkuweza kuja. Michoro iliyokuwa inaonyeshwa ukutani nimeiacha, maneno yapo yote.

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, wauguzi, wafamasia, wanafunzi, na nyie mliokuja tu kwa sababu mnameza dawa kama watu wote, asanteni sana. Leo nina swali moja na nitalirudia mpaka mlizoee. Ile dozi iliyoandikwa kwenye boksi la dawa, miligramu kadhaa, mara kadhaa kwa siku, ilipatikanaje? Nani alipimwa? Maana dozi haishuki kutoka mbinguni, kuna watu walimeza ile dawa, wakatolewa damu, ikaangaliwa nani kapona na nani kadhurika, ukachukuliwa wastani, ukaandikwa. Sasa wale watu walikuwa nani? Na ini lako linafanana na maini yao?

Hebu tuanze London mwaka 1975. Profesa Robert Smith, mtaalamu wa dawa pale St Mary's, yeye na wenzake wa maabara walimeza dawa ya presha inayoitwa debrisokwini ili waone mwili unaishughulikia vipi, ndivyo watafiti wengi walivyokuwa wanafanya zama zile, wanajipima wenyewe. Wenzake hawakupata shida. Yeye presha ikaporomoka, akawa hawezi hata kusimama. Sasa mtu mwingine angesema labda alikuwa amechoka, labda hakula vizuri, yakaisha. Wao hawakuliacha, wakafuatilia, wakapima watu wengine na familia zao, na 1977 wakachapisha matokeo kwamba kuna watu ambao mwili wao hauwezi kuivunja hii dawa inavyotakiwa, na kwamba hali hiyo inarithiwa. Imo kwenye jeni.

Kimeng'enya kilichohusika, yaani kile kitu mwilini kinachoivunja dawa, leo tunakiita CYP2D6, na msikiogope hicho kijina, kinafanya kazi kubwa sana humo ndani. Kinakaa kwenye ini na kinachakata karibu robo ya dawa zinazoandikwa na madaktari, za maumivu, za moyo, za sonona, za magonjwa ya akili. Kila mmoja wetu amepokea nakala moja ya jeni yake kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kuna waliopokea mbili mbovu. Kuna waliopokea moja nzima na moja dhaifu. Na kuna ambao wana nakala zaidi ya mbili, Sweden walikuta familia yenye nakala kama 12 hivi za jeni hiyo hiyo, watu kama hao dawa inaingia na kupotea kabla haijafanya lolote.

Fikirieni tanki la maji, bomba moja linaingiza na jingine linatoa. Bomba la kuingiza ni dozi yako, hilo daktari analifungua sawa kwa wote. La kutoa ni kimeng'enya. Kama la kutoa ni jembamba tanki litajaa mpaka limwagike, hayo ndo madhara. Kama ni pana mno tanki halijai hata siku moja, na mgonjwa anaambiwa hamezi dawa ipasavyo, wakati maskini anameza kila siku bila kukosa. Mmeshawahi kuona mgonjwa anagombezwa kwa kosa la ini lake? Mimi linaniuma sana hilo.

Sasa mtaniuliza, haya si mambo ya mtu mmoja mmoja, kwa nini unatuletea habari za jamii nzima nzima? Sawa, nakuja hapo.

Chukueni isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika 1952 na mpaka leo inatumika dunia nzima. Inashughulikiwa na kimeng'enya kingine, NAT2, na tangu miaka ile ya 50 madaktari waliona kuna wagonjwa wanaoitoa haraka na wengine taratibu sana, na wale wa taratibu ndo walikuwa wanalalamika ganzi na miguu kuwaka moto, wengine ini linaumia. Ndo sababu mgonjwa mara nyingi anapewa na vitamini B6 juu yake. Sasa angalieni ramani. Japani wenye mwendo wa taratibu ni kama mtu mmoja kati ya 10. Ulaya ni kama nusu ya watu, na sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara vilevile. Ukienda Misri ni wengi mno, zaidi ya robo tatu. Kidonge ni kimoja! Ukikigawa bila kufikiria, huku unamweka hatarini mmoja kati ya 10 na kule unagusa karibu kila mtu.

Mnaona tofauti? Jeni zenyewe zipo kila mahali. Kinachobadilika ni wingi wake. Na wingi ukibadilika, dawa iliyokuwa salama kwa jamii moja inaweza ikawa hatari kwa jamii nyingine, kwa dozi hiyo hiyo iliyoandikwa kwenye boksi.

Kisa kinachonionyesha hilo vizuri kuliko vyote ni cha kodeini. Kodeini peke yake haitulizi maumivu sana, inabidi CYP2D6 igeuze sehemu yake ndogo iwe mofini, na hiyo mofini ndo inayofanya kazi. Kwa hiyo hapa lile tanki ligeuzeni kichwani. Mwenye kimeng'enya kibovu anameza kodeini na maumivu yako palepale. Mwenye kimeng'enya kikali, mwenye nakala za ziada, anatengeneza mofini nyingi kwa haraka, na mofini ikizidi mtu anasinzia, kupumua kunapungua, na mtoto mdogo anaweza asiamke. Marekani mwaka 2013 waliweka onyo kali kuhusu watoto wanaopewa kodeini baada ya kuondolewa tonsili, maana kuna waliokufa, na 2017 wakasema chini ya miaka 12 isitumike.

Sasa hawa wenye nakala za ziada wako wangapi? Kaskazini mwa Ulaya ni mmoja au wawili kati ya 100. Asia ya Mashariki vivyo hivyo, wachache. Ethiopia, utafiti uliochapishwa 1996 na timu ya Eleni Aklillu, ambaye mwenyewe ni Muethiopia, ulikuta ni asilimia 29. Rudieni namba hiyo vichwani mwenu, asilimia 29! Karibu mtu mmoja kati ya watatu. Ile dozi ya kodeini kwenye boksi, nani alipimwa? Hakika si hao. Na Ethiopia walifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu mpaka leo, mwaka 2015 mamlaka yao ya dawa ilipiga marufuku kodeini nchini. Waliangalia takwimu za watu wao wenyewe wakasema hii dawa kwa watu wetu hapana. Hawakusubiri nchi nyingine iamue kwanza.

Ila ngojeni, si kila mahali mambo yalikwenda hivyo.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hiki ndo kisa kinachonifanya nisimame mbele ya watu. Efavirenzi. Wengi humu mnaijua, ilikuwa kwenye mchanganyiko wa ARV kwa miaka mingi, miligramu 600 usiku. Inavunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6, na kuna toleo dhaifu la jeni yake, wanaliandika kwa nyota na namba 6, ambalo linafanya dawa ibaki mwilini muda mrefu zaidi. Ikibaki sana inapanda kichwani, kizunguzungu, ndoto za kutisha, kukosa usingizi, wengine kuona vitu ambavyo havipo, wengine kukata tamaa ya maisha kabisa. Ulaya toleo hilo ni kama robo ya nakala zote. Zimbabwe, Collen Masimirembwa na wenzake walipima wagonjwa, wakachapisha mwaka 2008, wakakuta ni karibu nusu ya nakala zote. Ukipiga hesabu, kama mtu mmoja kati ya watano au zaidi kidogo amebeba toleo hilo kwa baba na kwa mama pia. Na kwenye utafiti huohuo walisema wazi, watu hawa dozi yao inaweza kupunguzwa kwa kama theluthi moja na dawa ikafanya kazi.

2008, ndugu zangu. Liwekeni akilini hilo.

Mwaka 2015 Zimbabwe, kwa kufuata mwongozo wa kimataifa, ikawahamishia wagonjwa kwenye kidonge kimoja chenye efavirenzi ndani, miligramu zilezile 600 kwa watu wazima wote. Nia ilikuwa njema, kidonge kimoja ni rahisi kumeza, rahisi kusambaza, wala sisemi waliopanga walikuwa na ubaya. Lakini malalamiko yakaanza kuja, watu wanaona mauzauza, watu wanashindwa kufanya kazi, wengine wakaacha dawa. Na mtu akiacha ARV mnajua kinachofuata, virusi vinarudi, tena vinarudi vimeizoea dawa. Taarifa ilikuwepo miaka saba kabla! Ilikuwepo, imeandikwa na Wazimbabwe, kuhusu Wazimbabwe, kwa damu ya Wazimbabwe. Ilikosa tu mlango wa kuingia kwenye chumba ambamo dozi zinaamuliwa.

Na utafiti mkubwa uliohusisha nchi za mabara kadhaa, Afrika ikiwemo, matokeo yakatoka 2014 au karibu na hapo, ukaonyesha kwamba miligramu 400 inawadhibiti virusi sawa tu na 600. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo dunia ilikuwa inameza zaidi ya inachohitaji, na waliolipa zaidi ni wale wenye bomba jembamba. Tangu 2019 WHO wameweka dolutegravir kuwa chaguo la kwanza na efavirenzi imerudi nyuma, nashukuru kwa hilo, ila tuliiacha kwa sababu ilipatikana dawa bora. Swali lenyewe la nani alipimwa hatukulijibu. Dawa inayofuata itakuja na tutauliza lilelile.

Msidhani hili ni tatizo la nchi maskini tu. Hawaii ni jimbo la Marekani, hela ipo, hospitali zipo. Kuna dawa ya kuzuia damu kuganda, klopidogreli, jina lake la biashara Plavix, wanapewa watu waliowahi kupata shambulio la moyo au kuwekewa kile kibomba cha kutanua mshipa. Nayo ni kama kodeini, ikiingia haina kazi mpaka iamshwe na kimeng'enya, safari hii CYP2C19. Wasioweza kabisa kuiamsha Ulaya ni wachache, wawili watatu kati ya 100. Asia ya Mashariki ni kama 15 kati ya 100. Visiwa vya Pasifiki kuna jamii ambazo ni zaidi ya nusu. Na Hawaii wamejaa nani? Watu wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki. Yaani mtu anameza kidonge kila asubuhi, anaamini moyo wake unalindwa, na ndani hakuna kinachoamka.

Marekani waliweka onyo kwenye boksi mwaka 2010, wakati dawa ilikuwa sokoni tangu 1997. Jimbo la Hawaii likaenda mahakamani 2014 kudai kampuni mbili zilizouza, Bristol-Myers Squibb na Sanofi, hazikuwaambia watu ukweli. 2021 jaji akaamuru zilipe zaidi ya dola milioni 834, ikakatwa rufaa, mahakama ya juu ya jimbo ikairudisha kesi 2023, na 2024 ikatoka hukumu nyingine ya dola milioni 916. Kampuni zimekataa muda wote kwamba zilikosea na zikasema zitakata rufaa tena. Mimi si mwanasheria. Ila mnaona jinsi swali letu lilivyotoka maabara likafika mbele ya jaji? Nani alipimwa, na nani aliambiwa?

Sasa nabadilisha upande, na hapa naomba hata mliokuwa mnakubaliana na mimi mkae vizuri, maana kuna watu wakishasikia haya yote wanatoka mlangoni na wazo baya. Wanasema basi rahisi, mwafrika dozi hii, mzungu dozi ile, mwasia ile nyingine, tumemaliza. Hapana. Hapana kabisa!

Warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, dozi yake ni ngumu, ikizidi kidogo unavuja damu, ikipungua kidogo unapata kiharusi. Wataalamu wakaunda hesabu ya kompyuta inayosoma jeni za mgonjwa na kukadiria dozi ya kuanzia. Mwaka 2013 zikatoka tafiti mbili kwa pamoja. Ya Ulaya, ambayo karibu wote walikuwa weupe, ikaonyesha hesabu inasaidia. Ya Marekani, watu zaidi ya 1,000 na zaidi ya robo yao weusi, ikaonyesha kwa jumla haisaidii, na kwa wagonjwa weusi waliopimwa jeni mambo yalikuwa mabaya zaidi kuliko wale ambao hawakupimwa! Inakuwaje kipimo kikupotoshe? Inakuwa hivi, ile hesabu ilikuwa inatafuta matoleo mawili ya CYP2C9, jeni ya kimeng'enya kinachoivunja warfarini, yaliyo mengi Ulaya. Matoleo yanayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, nyota 5, nyota 6, nyota 8, nyota 11, haikuyatafuta. Mgonjwa anapimwa, majibu yanatoka kwamba jeni zako ni za kawaida, kumbe toleo lake halikuwa hata kwenye orodha. Kukosa kuonekana kwenye kipimo wakakuita mzima.

Asia nao wameyaona. Kuna dawa za kushusha kinga ya mwili, azathioprini na ndugu zake, na kwa miaka mingi watu walipimwa kimeng'enya cha TPMT kabla ya kupewa, kipimo kizuri kwa Ulaya. Wakorea walikuwa wanapimwa, wanaambiwa uko salama, wanapewa dawa, chembe nyeupe za damu zinaanguka na nywele zinadondoka. 2014 watafiti wa Korea wakakuta mhusika ni jeni nyingine kabisa, NUDT15, ambayo watu wa Ulaya walio na shida yake ni wachache ndo maana haikuonekana huko. Ilibidi Wakorea waangalie Wakorea.

Halafu hili neno Afrika lenyewe, tunalitumia kana kwamba ni mtu mmoja. Binadamu wametokea Afrika na wamekaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tofauti za jeni ndani ya Afrika ni nyingi kuliko bara lolote. Nimewaambia Ethiopia asilimia 29 wana CYP2D6 za ziada, sasa shukeni Zimbabwe, huko lililo maarufu ni toleo lingine, nyota 17, linalofanya kimeng'enya kiende polepole, na hilo nalo timu ya Masimirembwa ndo ililieleza, mwaka huohuo 1996. Bara moja, rangi ile ile ya ngozi, mmoja anakimbiza dawa na mwingine anaichelewesha. Dozi ya mwafrika ni ipi hapo? Nitajieni.

Na hata jeni haisemi yote. Aklillu na wenzake walilinganisha Waethiopia wanaoishi Ethiopia na Waethiopia wanaoishi Sweden, wakakuta walioko Sweden CYP2D6 yao inachapa kazi zaidi hata ukiwalinganisha wenye jeni sawa. Kuna kitu cha mazingira kinaingia humo. Wakati mwingine dawa nyingine unayomeza pamoja inaweza kukizuia kimeng'enya kizima kabisa mpaka mtu mwenye jeni nzuri awe kama hana. Kwa hiyo mtu akikwambia anaangalia sura yako anajua dozi yako, mkatalie kwa heshima. Kabila, nchi, asili, hivyo vinatusaidia kujua pa kutafuta na kipi kiwemo kwenye kipimo. Mgonjwa aliyekaa mbele yako ni lazima apimwe yeye.

Inawezekana? Inawezekana, tena jeni hazibadiliki, ukipimwa mara moja majibu yanakufaa maisha yote. Ulaya tangu 2020 mamlaka ya dawa inashauri mgonjwa wa kansa apimwe kimeng'enya cha DPD kabla ya kupewa fluorourasili, kwa sababu asiye nacho dozi ya kawaida inaweza kumuua. Zuri sana. Lakini, na mnaijua lakini yangu sasa, matoleo manne yanayopimwa mara nyingi ni yale yaliyopatikana kwa Wazungu, na lipo lingine linalopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika ambalo kwenye orodha ya wengi halimo. Tunarudi palepale pa warfarini.

Na sababu ni hii. Mpaka 2018 hivi, katika watu wote walioshiriki tafiti kubwa za kuhusianisha jeni na magonjwa, asilimia 78 walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika asilimia 2. Mbili! Halafu H3Africa, mradi wa kuchunguza jeni za Waafrika, mwaka 2020 ukasoma jeni zote za watu 426 tu kutoka makundi 50 ya lugha na makabila, wakakuta tofauti zaidi ya milioni tatu ambazo hazijawahi kuandikwa popote. Watu 426 tu wametoa hayo. Wakiwa laki moja je?

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa watu tofauti. Nyie mnaokaa kwenye bodi za dawa, kabla ya kusaini mwongozo ulioletwa, ulizeni nani alipimwa, na kama watu wenu hawamo ombeni angalau utafiti mdogo wa kiwango cha dawa kwenye damu, si gharama ya kutisha ukilinganisha na wagonjwa maelfu wanaoacha dawa. Nyie vijana wa maabara, msione aibu kuchapisha takwimu za jamii moja ndogo, ile karatasi ya Zimbabwe ya 2008 ilikuwa sahihi hata kabla haijasikilizwa. Wafamasia, mgonjwa akirudi anasema dawa haifanyi kazi au imemzidi, mwamini kwanza ndo muulize maswali. Na nyie mnaomeza, dawa ikikutesa usiiache kimyakimya, na usijipunguzie mwenyewe, hasa hizi za moyo, kifua kikuu na ARV, rudi kaseme, taja na dawa nyingine zote unazotumia, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuzidiwa na dawa fulani mtaje pia, hiyo ni taarifa ya kitabibu kamili.

Muda wangu umeisha, kipaza sauti kipelekwe nyuma, nimemwona mama pale kanyoosha mkono tangu kwenye kodeini, tuanze na yeye.